Daraja la Brécourt

Hautmesnil, Jumapili, 8 Septemba 1918

Mvua tangu alfajiri. Tumehamia kwenye nyumba kubwa ya mjane Mfaransa, Madame Caudron, ambaye amebakiziwa vyumba viwili vya nyuma katika nyumba yake mwenyewe. Mimi nimepewa chumba juu ya banda. Kinanifaa. Nawasikia farasi wakikohoa hata nikiwa nimelala.

Mke wangu Theda analalamika kwamba barua zangu zimekuwa fupi kama risiti. Anasema kama siwezi kumweleza yeye, basi niieleze karatasi. Haya. Mimi ni Gotthold Wiegmann, daktari wa mifugo kutoka Oldenburg. Katika kori hii yetu, yaani divisheni tatu zilizowekwa chini ya jenerali mmoja, kila farasi ni mgonjwa wangu. Huu ni mwaka wa tano wa vita. Farasi waliobaki wana upele na njaa, na askari hawako mbali nao.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Farasi wawili wa mizinga wamekufa. Supu ya tanipu.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimealikwa meza ya wakubwa. Kamanda wetu, Jenerali Egmont von Rastenau, ana miaka sitini na saba. Anakula taratibu, anakata kiazi vipande vilivyolingana, halafu anavila kwa zamu kama anayekagua gwaride. Baada ya chakula, mnadhimu wake mkuu, yaani mpangaji wa vita yetu, Luteni Kanali Ottmar Kessenich, alitandaza ramani na kueleza mambo ya kesho. Jenerali alisikiliza, akasema, "Vizuri, Kessenich," akatia sahihi.

Maofisa vijana wanamwita Jenerali "Muhuri", na Kessenich wanamwita "Mwenyewe". Ukitaka jambo litendeke, wanasema, mwone Mwenyewe. Ukitaka liwe halali, lipitishe kwa Muhuri. Nami nilicheka pamoja nao, maana ni kweli. Kessenich ni mtoto wa mwalimu wa shule huko Düren, hajafika arobaini, na kichwani mwake mna kila barabara, kila kisima na kila reli ya upande huu. Majira ya kuchipua, kori ya jirani yetu ilipovunjwa, yeye peke yake kwa simu alihamisha rejimenti tatu akaziba pengo kabla Jenerali hajamaliza kuvaa buti. Watu wengi wako hai kwa sababu yake. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Jenerali aliniuliza jambo moja tu: kama farasi wake jike bado anachechemea. Nikamwambia kwato lina usaha, apumzishwe.

"Basi apumzike," alisema. "Nitatembea kwa miguu. Sina haraka ya kwenda popote."

Mtumishi wake, Pahlke, aliyekuwa nyuma ya kiti chake, alimwongezea maji bila kuambiwa. Wametoka pamoja huko Pomerania, shamba moja, na wanafanana namna ya kusimama.

Jumapili, 15 Septemba

Jua kidogo. Upele wa farasi hautaki kitu ila jua, kwa hiyo leo jua limekuwa daktari mimi nimekuwa msaidizi.

Alhamisi, 19 Septemba

Watu wa ugavi walikuja kuchukua sufu iliyomo ndani ya magodoro ya nyumba hii, na baada ya magodoro wakamchukua ng'ombe wa mwisho wa Madame Caudron. Sheria inataka daktari athibitishe kwamba mnyama ni mzima. Nilithibitisha.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, mikono ndani ya aproni. Kifaransa changu ni kibovu, lakini alisema polepole ili nisikose neno.

"Kwenu, kazi ya daktari ndiyo hii?"

Nikamwambia mimi ni daktari wa wanyama tu.

"Naona," alisema. "Na huyu ni mnyama."

Nikashika kamba ya ng'ombe.

Ijumaa, 20 Septemba

Nyama ya ng'ombe mezani. Nilikula.

Ijumaa, 27 Septemba

Mngurumo kutoka magharibi, mchana kutwa. Glasi zinatetemeka rafuni.

Jumamosi, 28 Septemba

Mngurumo. Mvua.

Jumanne, 1 Oktoba

Mstari wa mbele umevunjwa upande wetu wa kushoto. Tunarudi nyuma hadi ng'ambo ya mto, mji wa Brécourt, na makao ya kori yamewekwa katika nyumba ya meneja wa kiwanda cha sukari. Amri imetolewa kwamba raia wote wa vijiji vya magharibi wahamishwe kuelekea mashariki, adui asikute mtu wala kitu. Visima vinatiwa samadi. Miti ya matunda inakatwa. Amri imeandikwa kwa lugha safi kabisa, na chini kuna sahihi ya Jenerali.

Nilimwona Madame Caudron barabarani akisukuma mkokoteni wa kubebea mtoto uliojaa vyungu. Mvua ilikuwa inamnyeshea. Alinitambua, akanitazama kama unavyotazama nguzo iliyo njiani.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kessenich ameniita ofisini kwake. Ana kikombe cha ile kahawa yetu ya shayiri iliyoungua, na chini ya macho yake pameingia weusi. Ana mpango wa kulipiza shambulio: divisheni ya akiba ivuke mfereji wa mashua kesho kutwa alfajiri, betri nane za mizinga zisogezwe mbele kuisaidia. Aliuliza kama farasi wanaweza kuvuta mizinga hiyo hadi kwenye kilima cha ng'ambo.

Nilimweleza kwamba betri iliyotakiwa kuwa na farasi sita kwa kila mzinga sasa ina wanne, na hao wanne wanakula majani ya miti. Kwenda watakwenda, wakipigwa viboko. Lakini shambulio likishindwa hawatakuwa na nguvu ya kuirudisha mizinga nyuma.

"Sikukuuliza kama watarudi, Daktari," alisema. "Nimekuuliza kama watafika."

"Watafika, Afande."

"Ahsante."

Hakusema kwa ukali. Alikwisha kugeukia ramani. Nilipotoka nilimkuta Jenerali barazani, amekaa na Pahlke, wakiitazama mvua. Nusura nimweleze. Nikafikiri: nimweleze ili afanye nini?

Jumapili, 6 Oktoba

Jana walifika. Walifika hadi kilimani kama nilivyosema, na kwa saa mbili hivi kila mtu pale makao alikuwa anacheka. Kisha vikaja vifaru vya Waingereza kutoka kwenye ukungu, na betri nane zikakwama kwenye tope lile la udongo mweupe, farasi wamepiga magoti. Niliwaona wengine leo asubuhi kwa darubini, bado wamefungwa kwenye mizinga. Divisheni ya akiba imerudi nusu.

Leo hiyohiyo tumesikia kwamba serikali mpya huko Berlin imemwomba rais wa Marekani asimamishe mapigano. Habari ilipita mezani kama sahani ya chumvi. Jenerali aliuliza kama ilikuja kabla au baada ya alfajiri ya jana. Kessenich alimjibu kwamba maombi yalipelekwa siku moja kabla.

 Jenerali aliacha viazi vyake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilikutana na Kessenich kwenye ngazi. Bila kuulizwa alisema, "Mpango ulikuwa sahihi." Akashuka hatua kadhaa, akasimama. "Ukungu haukuwa kwenye mpango."

Naanza kumwogopa, na si kwa sababu ni mtu mbaya. Usiku analia, chumba changu kiko chini ya chake. Lakini asubuhi anaamka na mpango mwingine.

Jumatano, 9 Oktoba

Homa ya mafua imeingia kambini. Mwandishi mmoja wa simu aliugua asubuhi, jioni ameshazikwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Homa. Mvua. Sasa wanaougua ni wengi kuliko wanaojeruhiwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kessenich ameanguka. Alikuwa anaongea na simu, sentensi ikamkatikia katikati, akateleza ukutani hadi chini. Daktari wa watu anasema mapafu yote mawili. Msaidizi wake aliugua juzi. Kwa hiyo leo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Jenerali von Rastenau ana kori mikononi mwake na hana wa kumwandikia.

Maofisa vijana hawafanyi mzaha tena. Mmoja alisema, "Sasa tumekwisha."

Jumanne, 15 Oktoba

Jenerali alikwenda kwenye mstari wa mbele kwa miguu, akarudi na matope hadi mapajani. Alitaka kuambiwa majina ya makamanda wa rejimenti. Hakuwa anayajua yote.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nitayaandika yote kwa mpangilio, maana tayari nasikia yanasimuliwa tofauti.

Amri ya makao ya jeshi, walio juu yetu, ilifika asubuhi: daraja la Brécourt livunjwe saa sita mchana, pasiwe na kuchelewa wala kisingizio. Ni daraja la mwisho katika eneo letu. Upande wa pili, magharibi, ilikuwa bado imebaki rejimenti moja ya Wawestfalia, Wajerumani wa magharibi, waliokuwa wanazuia adui ili wengine wavuke. Walitakiwa kufika kabla ya saa tano. Hawakufika, na sababu yake ni sisi. Barabara yao yote ilikuwa imejaa raia tuliowafukuza kutoka majumbani mwao, na mikokoteni, mbuzi, vitanda, wazee waliobebwa juu ya milango kama machela.

Mimi niliitwa darajani kwa sababu farasi wa mikokoteni walikuwa wanaanguka juu yake na kuziba njia. Kazi yangu ilikuwa kuamua nani anyanyuliwe na nani apigwe risasi na kusukumwa mtoni. Nilikuwa nimeshaifanya kazi hiyo asubuhi nzima nilipomwona Jenerali anashuka barabara ya kiwandani kwa miguu, Pahlke nyuma yake amebeba koti la mvua.

Mhandisi wa jeshi aliyesimamia baruti alikuwa Kapteni Ruhland, mtu mpole wa Baden, mwenye saa ya mfukoni aliyokuwa anaifungua na kuifunga. Alipiga saluti. Alisema muda umekaribia.

Jenerali aliuliza rejimenti iko wapi.

"Haijaonekana, Afande. Amri inasema saa sita."

"Nimeisoma."

"Basi niwashe, Afande?"

"Bado."

Kapteni alingoja maelezo. Hayakuja. Jenerali alikwenda akasimama mwanzoni mwa daraja, upande wetu, mahali ambapo kila anayevuka angelazimika kumpita, akabaki pale, mikono nyuma.

Saa sita ikapita. Ndani ya kinu cha unga kando ya mto kulikuwa na simu, na mara ikalia. Askari wa simu alitoka mbio akasema ni mnadhimu mkuu wa jeshi mwenyewe. Jenerali aliingia kinuni. Mimi nilikuwa mlangoni nasafisha mikono, nikasikia upande wake wote wa mazungumzo, ambao ulikuwa hivi: "Ndiyo." Kimya kirefu. "Nimeelewa." Kimya. "Hapana." Kisha akakirudisha kipokeo cha simu mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kikombe cha mwenziwe, akatoka nje kwenye mvua.

Waingereza waliliona daraja muda mfupi baadaye, na makombora yakaanza. Ya kwanza yalianguka mtoni, yakatulowesha. Raia walianza kukimbia, mikokoteni ikagongana, na farasi mmoja mkubwa wa kijivu akalala katikati ya daraja, mkokoteni umepinda nyuma yake. Nilikwenda. Nilipofika nikaona Pahlke yuko upande wa pili wa farasi ameshashika hatamu. Sijui nani alimtuma, nadhani hakuna. Alikuwa mtu wa shamba, aliona farasi ameanguka akaja.

"Bwana Daktari," aliniambia, "huyu hajachoka. Ameogopa tu. Mfunike macho."

Nikavua koti nikamfunika macho, naye Pahlke akamsemesha Kipomerania, na yule farasi akasimama. Tukamtoa. Pahlke alikuwa anamwongoza mbele yangu, hatua chache kabla ya nchi kavu, kombora lilipopiga ukuta wa daraja. Mimi nilitupwa chini nikainuka mzima. Farasi pia. Pahlke alikuwa amekaa, ameegemea jiwe, na kipande cha chuma kimemwingia chini ya kwapa. Niliinama nikamgusa shingoni; alikuwa ameshakufa.

Nilipoinua kichwa, Wawestfalia walikuwa wanakuja. Hawakukimbia, hawakuwa na nguvu za kukimbia. Walitembea juu ya daraja safu kwa safu, wengine wameshikilia mikokoteni ya raia wanaisukuma, na walipompita yule mzee aliyesimama mwanzoni mwa daraja wengi wao hata hawakumtazama. Walikuwa mia tisa hivi.

Baada yao wakaja raia wa mwisho, na miongoni mwao Madame Caudron, bila mkokoteni. Alikuwa amemshika mkono mzee asiyeona. Nilijikuta namwambia, sijui kwa nini, kwamba Jenerali amekataa kuvunja daraja hadi wao wavuke.

Alisimama. Alinitazama mimi, akamtazama Jenerali.

"Mmetutoa nyumbani kwetu kwenye mvua," alisema, "na sasa mnataka tuwashukuru kwa daraja?"

Akaendelea na safari.

Hatimaye Jenerali alimwashiria Kapteni Ruhland. Lakini waya mmoja ulikuwa umekatwa na makombora, ikabidi Ruhland na watu wake waende wenyewe chini ya nguzo. Walilipua nusu. Nusu ya pili ilibaki imening'inia, na Ruhland hakurudi, wala mmoja wa aliokwenda nao. Jioni Waingereza walivuka kwa miguu juu ya mabaki yale, na divisheni ya jirani zetu upande wa kulia ikalazimika kuacha mahandaki yake kabla giza halijaingia.

Nilimkuta Jenerali kinuni, amekaa juu ya gunia. Aliuliza Pahlke yuko wapi. Nikamwambia. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Baba yake alimkabidhi kwangu," alisema. 

Baada ya muda nilimuuliza jambo ambalo mtu wa cheo changu hatakiwi kumuuliza jenerali. Kwa nini leo? Kwa nini si tarehe tano, kule kilimani?

Aliigeuza kofia gotini, nikajuta kuuliza.

"Ile ya tarehe tano niliitia sahihi," alisema. "Ilikuwa imeandikwa vizuri. Zote zilikuwa zimeandikwa vizuri, Daktari, miaka minne. Leo hakuna aliyeniletea karatasi. Ilibidi nitazame."

Ijumaa, 18 Oktoba

Tumemzika Pahlke. Mvua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jenerali ameondolewa. Amri inasema ni kwa sababu za afya. Aliondoka kwa gari lenye turubai, sanduku moja, jike wake amebaki kwangu. Waliotoka nje kumuaga tulikuwa wanne. Alitushika mikono mmoja mmoja, akatuuliza tunatoka wapi, hata mimi.

Jioni nilikwenda kumwona Kessenich. Homa imeshuka, lakini amekonda na sauti yake ni ya mtu mwingine. Alijua kilichonileta.

"Ni mimi niliyeripoti," alisema kabla sijakaa. "Waliniletea simu hapa kitandani. Mnadhimu mkuu wa kori anawajibika kwa mnadhimu mkuu wa jeshi. Hiyo ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri."

Nilimwambia watu mia tisa wamevuka, na raia sijui wangapi.

"Na jirani zetu wa kulia? Ruhland? Umewahesabu wa huko pia?"

Sikuwa nimewahesabu. Nikaondoka. Nilikuwa nimekwenda nikiwa na hasira iliyo wazi kabisa, nikarudi nayo imechanganyika na kitu kingine. Sikupenda.

Jumatano, 23 Oktoba

Tunarudi nyuma. Kamanda mpya amefika, anakaa ndani ya gari. Jina lake ni refu.

Jumapili, 27 Oktoba

Tunarudi nyuma. Yule jike anatembea vizuri.

Jumamosi, 2 Novemba

Kessenich amerudi kazini. Amri zake ni fupi siku hizi. Jana alimrudisha mwandishi chumbani kwake na karatasi, akatoka kwenda kutazama mwenyewe barabara iliyotajwa. Alikaa huko nusu siku, mvua inamnyeshea. Maofisa wanasema homa imemharibu.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa tano asubuhi mizinga ilinyamaza. Nilikuwa nachonga kwato. Nilimaliza lile kwato nikachonga na jingine.

Alhamisi, 21 Novemba

Tunatembea kuelekea nyumbani. Mkataba wa kusimamisha vita unataka tuwe tumevuka mto Rhine mapema Desemba. Katika kila kikosi askari wamechagua baraza lao, wamefunga vitambaa vyekundu mikononi. Maofisa wanaochukiwa wanang'olewa vyeo vya mabegani hadharani. Kamanda wetu mpya alisikia hivyo, akapata udhuru wa kifamilia, gari likampeleka Kassel. Kori imebaki na Kessenich.

Jumapili, 1 Desemba

Ukungu. Mkate wa rye, ile nafaka ya kwetu, mara ya kwanza tangu majira ya joto. Nimempa jike ganda.

Königswinter, Alhamisi, 5 Desemba

Jana tumevuka Rhine. Leo asubuhi kori yetu, au kilichobaki, imepita kwa mara ya mwisho kabla ya watu kutawanywa. Hapakuwa na jukwaa. Kessenich alisimama kwenye ngazi za duka lililofungwa la mvinyo, mimi na mwandishi mmoja nyuma yake, akapokea saluti kutoka kwa walioitoa. Wengine walipita mikono mifukoni. Watu wa mji walitazama kutoka madirishani, na mwanamke mmoja aligawa tufaha.

Wawestfalia walipita mwisho. Baada ya safu ya mwisho, sajini mmoja alijitenga, na wengine wawili nyuma yake, wote na vitambaa vyekundu. Walikuja moja kwa moja kwenye ngazi zetu. Mwandishi aliyekuwa kando yangu alirudi hatua moja. Nilielewa kwa nini. Juzi, kijiji cha jirani, meja mmoja alipigwa hadi akapoteza jicho.

Kessenich hakusogea. Mikono yake ilikuwa ubavuni.

Sajini alijitambulisha: Tönnies, wa baraza la askari la rejimenti. Mtu mpana, sharubu zenye mvi, sauti ya mkulima anayejua bei yake. Hakupiga saluti.

"Bwana Luteni Kanali, tulikaa jana kuamua habari zako," alisema. "Wengi walitaka uvuliwe vyeo, kwa ajili ya wale tuliowaacha kilimani. Nakwambia ukweli. Lakini rejimenti yetu tumesimama tukasema huyu asiguswe. Kwa ajili ya daraja la Brécourt. Kila mtu anajua kwenye kori hii nani anaamua. Ulitungoja. Kwa hiyo utakwenda nyumbani na vyeo vyako begani. Tumekuja kukwambia hilo tu."

Alinyoosha mkono.

Nilimtazama Kessenich pembeni. Alichotakiwa kufanya ni kuushika mkono ule. Kamanda alikuwa Kassel, Jenerali yuko mbali, Ruhland na Pahlke wako chini ya udongo. Nilikuwepo mimi tu, nami, nakiri, nilikuwa nimeshaamua kunyamaza.

"Si mimi," alisema Kessenich.

Sajini hakuelewa.

"Sikuwangoja. Nilikuwa kitandani na homa. Ningekuwa mzima, daraja lingevunjwa saa sita kamili, nanyi mngebaki ng'ambo." Alipumua. "Na aliyewangoja, mimi ndiye niliyemripoti."

Mkono wa Tönnies ulishuka polepole. "Basi alikuwa nani?"

"Jenerali von Rastenau."

Sajini aliwageukia wenzake. Mmoja aliinua mabega. Yule mwingine alitikisa kichwa. Kwa miaka minne walikuwa wamehama na kushambulia na kufa kwa sahihi ya mtu yule.

"Jenerali yupi huyo?" aliuliza Tönnies.

"Mzee mmoja," alisema Kessenich. "Alikuwa amesimama mwanzoni mwa daraja. Mlimpita."

 Tufaha liliendelea kutafunwa mahali fulani nyuma yetu. Kisha Tönnies alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayerekebisha hesabu:

"Basi vua."

Kessenich alipeleka mkono begani. Cheo cha kulia kilitoka. Cha kushoto kifungo chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa chuma, na vidole vyake havikuwa na nguvu. Alihangaika. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemharakisha. Mwishowe nilitoa kisu changu cha kwato nikakata uzi. Akaviweka vyote viwili kwenye kiganja cha sajini. Tönnies akavitia mfukoni, akagusa kofia yake kidogo, sijui kwa kumsalimu nani, wakaenda zao kuwakimbilia wenzao.

Tulibaki pale mimi na Kessenich. Mwandishi alikwisha kuondoka. Barabara ilikuwa imejaa mavi ya farasi na maganda ya tufaha. Aliniuliza kama najua Jenerali anaishi wapi hasa. Nikamtajia shamba, na stesheni iliyo karibu nalo. Akauliza jinsi ya kufika Pomerania siku hizi.

Nilimwambia treni za mashariki hazina ratiba tena. Zikija zinakuja, zisipokuja hakuna wa kuulizwa. Kama anataka kwenda, aende stesheni akae angoje.

Alifunga kola ya koti lake, akaelekea stesheni.